Kikwapa: Kipande Kidogo cha Kanzu, Deraya na Daraja

Kanzu ikitandazwa juu ya meza ya fundi, macho ya mteja hukimbilia shingoni. Atapapasa kaba, ataikagua darizi ya kifuani, atauliza kama uzi ni wa hariri au wa pamba, na akiwa mjuzi atageuza mkono wa kanzu aone sijafu imekwendaje. Ni nadra mteja kuuinua mkono wenyewe ili atazame kikwapa. Ni kipande cha mraba, hakizidi sana kiganja cha mtu mzima, kimefichwa mahali ambapo hakuna anayependa kupaonyesha kwa wageni. Lakini kitoe, uone. Kanzu nzima inageuka gunia lenye mikono: mtu akiinua mkono kumpungia jirani, pindo la chini linapanda naye hadi gotini, au mshono unaachia pale pale.

Kipande hicho kina ukoo mkubwa kuliko kanzu. Ndugu zake wamo katika makaburi ya wapanda farasi wa Asia ya Kati, kwapani mwa mashujaa wa Ulaya waliojifunika chuma toka utosini hadi unyayoni, kwenye viungo vya madaraja ya reli, na ubavuni mwa pakiti ya unga wa ugali. Kazi zao hazifanani. Cha kwenye nguo kipo ili nguo ikubali kunyumbuka; cha kwenye daraja kipo ili chuma kikatae. Kinachowaweka katika ukoo mmoja ni mahali wanapokaa, yaani pale ambapo vipande vikubwa vinakutana na havipatani. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: karibu kila mahali watu wamekipuuza kipande hiki, na mara nyingi palipopuuzwa ndipo palipoachia.

Tuanze na kitambaa. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu, na nyuzi za mshindio, zinazopita upana. Ukikivuta kwa kufuata mtande hakikupi kitu. Ukikivuta kwa kufuata mshindio kinakupa kidogo. Ukikivuta kimshazari, kona kwa kona, kinavutika na kurudi, na mafundi walilijua hilo karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kulieleza kwa hesabu. Kikwapa ni mraba uliotiwa kwa kona: kona moja inaelekea kiganjani, ya mkabala wake inaelekea kiunoni, mbili zilizobaki zinatazama mbele na nyuma. Mkono ukiinuliwa, mvuto wote unapita toka kona ya kiunoni hadi kona ya kiganjani, yaani juu ya mshazari, mahali pekee ambapo kitambaa hicho kina huruma.

Sehemu nyingine za kanzu zimekatwa kwa akili hiyo hiyo ya mistari iliyonyooka. Badani, ya mbele na ya nyuma, inashuka moja kwa moja toka begani. Taharizi ndizo zile za ubavuni zinazoanza nyembamba chini ya kikwapa na kupanuka hadi kwenye pindo, ili mwenye kanzu apate kupiga hatua. Vipande vyote vina kingo za kunyooka, kwa hiyo vinapangika juu ya kitambaa bila kuacha makombo ya maana. Katika karne ya 19 jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Merikani, kitambaa cha pamba, ilikuwa ikiingia Unguja kwa meli kutoka Salem, Massachusetts, na jora hilo hilo la nguo lilikuwa pia fedha ya misafara iliyokwenda bara: kwa mikono ya merikani watu walinunua chakula, walilipa hongo ya kupita, waliwalipa wapagazi. Mtu hakati duara kwenye fedha. Anakata mraba, na kona inayobaki anaitafutia kazi.

Kukishona ndiko kwenye utaalamu. Fundi hushika kwanza upande mmoja wa mraba na kuuunga na mkono wa kanzu, kisha upande unaoufuata akauunga na mwili wa kanzu, halafu anaikunja nguo na kumaliza pande mbili za nyuma. Penye kila kona mishono hukutana kwenye nukta moja. Sindano ikisimama kabla ya nukta, linabaki tundu; ikipita kwa pigo moja tu, kitambaa kinakunjamana na hakuna pasi itakayokinyoosha. Anayejua kazi huiacha sindano imezama kwenye kona, huinua kiguu cha cherehani, huzungusha kitambaa, kisha huendelea. Anayeharakisha huzungusha duara dogo mahali pa kona, na baada ya kufuliwa mara kadhaa mraba wake huanza kuvuta upande mmoja. Ndiyo maana mwanafunzi wa ushonaji hupewa vikwapa vya kujifunzia kwenye vitambaa vya kutupa kabla hajaruhusiwa kugusa nguo ya mtu.

Ushahidi mkongwe wa fikra hii hautoki kwapani, unatoka msambani. Karibu na Turfan, magharibi ya China, kuna makaburi ya Yanghai, mahali pakavu kiasi kwamba sufu ya miaka 3,000 haijaoza. Katika makaburi mawili zilipatikana suruali ambazo watafiti wakiongozwa na Ulrike Beck na Mayke Wagner walizichapishia taarifa mwaka 2014. Vipimo vya umri viliziweka kati ya karne ya 13 na ya 10 kabla ya Kristo. Ndizo suruali za zamani kuliko zote zinazojulikana. Waliozikwa nazo walikuwa wanaume waliozikwa na silaha na vifaa vya farasi, na ukitaka kujua kwa nini binadamu alihangaika kubuni vazi lenye miguu miwili, hapo ndipo penye jibu.

Suruali hizo hazikukatwa kwa mkasi. Mfumaji alifuma kila kipande kwa umbo lake moja kwa moja kitandani pa kufumia: kimoja cha mguu wa kulia, kimoja cha mguu wa kushoto, na cha tatu chenye umbo la msalaba wa ngazi, kipana katikati na chembamba mwishoni. Hicho cha tatu kilishonwa katikati ya miguu. Bila hicho, miguu miwili ya suruali ingekutana kwenye mshono mmoja mwembamba, na mpanda farasi akikaa matandikoni mara ya kwanza ungepasuka. Nikisoma maelezo yake, kinachonigusa ni kwamba mfumaji yule alikipangia kipande cha tatu nyuzi, upana na ngazi zake kabla ya kuanza kufuma. Hakukibandika baadaye kuziba pengo. Ni moja ya mara chache katika historia hii nzima ambapo kipande kidogo kilipewa heshima sawa na vikubwa.

Jamaa wa suruali ile wametapakaa. Shalwar ya Bara Hindi ina kipande msambani, baji ya Korea vilevile. Kaskazini ya mbali, kwenye makaburi ya Herjolfsnes, Greenland, mwanaakiolojia wa Denmark Poul Nørlund alifukua mwaka 1921 nguo za sufu ambazo barafu ilizihifadhi tangu Zama za Kati. Magauni yake yana panda nyingi ubavuni, jamaa wa karibu kabisa wa taharizi. Waliozishona hawakuwahi kusikia habari za pwani yetu. Kitambaa chembamba cha mkono na mwili unaotembea viliwapeleka kwenye jibu lile lile.

Shati la kitani la Ulaya, toka karne ya 16 hadi mwanzoni mwa ya 19, lilifuata hesabu hiyo kwa ukali zaidi. Lote lilikuwa miraba na mistatili: mwili mmoja mrefu uliokunjwa begani, mikono miwili, ukosi, na mraba kila kwapa. Pembetatu ndogo ziliingizwa shingoni ili ukosi ukae, na nyingine zikawekwa mwisho wa mpasuo wa pembeni ili usiendelee kupasuka. Mwaka 1838 kilichapishwa London kitabu cha ushonaji, The Workwoman's Guide, chenye majedwali ya kukata mashati kwa dazeni ili kitani kisipotee hata kidogo. Kwa wanawake maskini waliolipwa kwa kila nguo, vipande hivyo vilikuwa mateso. Thomas Hood alipoandika mwaka 1843 shairi lake kuhusu mshonaji wa mashati, The Song of the Shirt, akalichapisha katika gazeti la Punch bila jina lake, alikitaja kikwapa waziwazi miongoni mwa mambo yanayomchosha mwanamke yule usiku kucha. Sijui kipande kingine cha nguo, kidogo hivi, kilichowahi kuingia kwenye shairi la siasa.

Kwapani ni mahali pa hatari pia, na hapa historia yetu inavaa chuma.

Deraya ya pete, ile iliyofumwa kwa maelfu ya vikuku vya chuma vilivyopishana, haikuhitaji kikwapa cha kuongezea nafasi; ilikwenda na mwili. Lakini kufikia mwanzoni mwa karne ya 15, mafundi wa Milano na wa miji ya kusini mwa Ujerumani walikuwa wanaweza kumfunika mtu kwa mabamba ya chuma kila sehemu. Bamba lina tabia ya badani ya kanzu: limenyooka na halisikilizi. Penye kwapa, kwenye mkunjo wa kiwiko, nyuma ya goti na kwenye kinena, bamba lazima likome ili kiungo kikunjike. Mwanzoni walivaa shati zima la pete chini ya mabamba. Ulikuwa uzito juu ya uzito, shati la pete kilo 10 hivi, mabamba kilo 20 na ushei. Baadaye wakagundua kwamba sehemu kubwa ya shati lile imelala chini ya chuma kingine bure. Wakalikata. Wakabakiza vipande vya pete pale tu palipokuwa wazi, wakavishona kwenye koti la ndani.

Namna walivyofanya tunaijua kwa undani kwa sababu kuna mtu aliyeandika. Katika hati ya Kiingereza ya karne ya 15, ambayo leo iko Morgan Library jijini New York, yamo maelekezo ya kumvika mtu atakayepigana kwa miguu. Koti la ndani liwe la kitambaa kizito, lenye bitana ya satini, na litobolewe matundu. Vipande vya pete vishonwe kwenye mkunjo wa mkono na chini ya kwapa. Kamba za kufungia mabamba zisokotwe kwa uzi mwembamba wa aina ile inayotengenezewa nyuzi za pinde za mtambo, kisha zipakwe nta. Mwandishi haandiki neno la sifa kuhusu ushujaa. Anahangaika na kamba, matundu na mshono, kama mtu aliyewahi kuona bwana wake akiuawa kwa sababu ya fundo lililolegea.

Naye adui aliyajua mapengo hayo. Vitabu vya mafunzo ya mapigano vya Italia na Ujerumani vinaonyesha mtu akishika upanga wake katikati ya ubavu wa chuma, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye upanga wenyewe, ili aweze kuulekeza ncha kwa usahihi wa mtu anayetunga uzi sindanoni. Kupiga bamba ni kupoteza nguvu. Kinachotafutwa ni kwapa: humo mna mshipa mkubwa wa damu, na ncha ikizama inaelekea kwenye pafu. Pete za kwapani ziliweza kuzuia ukataji, lakini ncha nyembamba ya jambia iliyosukumwa kwa uzito wote wa mwili iliweza kupasua kikuku kimoja, na kimoja kilitosha. Wengine waliongeza kisahani cha chuma kilichoning'inia mbele ya kwapa. Japani walikuwa na kinga yao maalumu ya kwapa, wakibiki, iliyovaliwa kando na deraya nyingine.

Katika karne ya 16 chuma chenyewe kilijaribu kuchukua kazi ya pete. Kwenye shimo la mkono la bamba la kifua kiliongezwa kipande kilichopinda, kimefungwa kwa ribiti zilizolegezwa makusudi ili kiteleze mkono unapokwenda mbele na kurudi. Na palikuwa na jaribio moja la kuondoa mapengo yote kabisa. Kwa ajili ya mkutano wake na mfalme wa Ufaransa mwaka 1520, Henry VIII wa Uingereza alitengenezewa katika karakana yake ya Greenwich deraya ya kupigana kwa miguu isiyo na mahali pa wazi: kwapa, kiwiko, goti hadi makalio, kila mahali pamefungwa kwa vipande vya chuma vinavyopandana na kuteleza. Ina uzito wa zaidi ya kilo 40. Kabla haijamalizika, kanuni za mashindano zilibadilishwa, ikaachwa hivyo hivyo. Leo iko katika makumbusho ya Royal Armouries huko Leeds. Ni kazi ya ajabu ya uhunzi, na kwa maoni yangu ni ushahidi mzuri wa thamani ya kiraka cha pete: ili kukiepuka, ilibidi kumfungia mfalme ndani ya kitu chenye uzito wa nusu ya mtu.

Kwenye elimu ya nembo za kiungwana kipande hiki kiliangukiwa na aibu. John Guillim, katika kitabu chake cha mwaka 1610, aliorodhesha alama za kumvunjia mtu hadhi kwenye ngao yake, na kikwapa kilikuwa mojawapo: upande mmoja kwa mzinzi, upande wa pili kwa mlevi. Alama hizo zilibaki vitabuni. Haikutazamiwa mtu achore uzinzi wake mwenyewe mlangoni.

Kiwanda ndicho kilichokiondoa kikwapa kwenye shati. Vitambaa vikawa vipana na rahisi, na hasara ya kukata duara ikawa si hasara tena. Mkono ukakatwa kwa mkunjo wa kupanda na kushuka unaofuata bega, ukaingia kwenye shimo lililokatwa kwa mkunjo huo huo, na mraba ukakosa kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 shati la kiume la Ulaya lilikuwa limebakiwa na vipembetatu viwili tu, mwisho wa mshono wa ubavuni karibu na pindo. Ukinunua shati la bei ya juu leo unaweza ukavikuta, na muuzaji atakutajia kama alama ya ubora.

Kilipofukuzwa kwapani kilihamia kwingine. Koseti za wanawake wa mwanzoni mwa karne ya 19 zilitiwa vipembetatu kifuani ili kitambaa kigumu kipate umbo. Fundi wa viatu wa London, Joseph Sparkes Hall, alitia kipande cha lastiki kila upande wa buti la kifundo, na tangu hapo watu wakavaa buti bila kufunga kamba. Glavu nzuri za ngozi zina vipande vidogo vya umbo la almasi penye mzizi wa vidole. Katika miaka ya 1950, mitindo ilipopenda mkono uliokatwa pamoja na mwili wa gauni, kikwapa kikarudi mbio, safari hii katika umbo la almasi, na vitabu vya ushonaji vya miaka hiyo vinakieleza kwa kurasa nyingi na kwa woga. Chupi na soksi ndefu za kike zina kipande cha pamba msambani, kwa sababu za afya ambazo kila daktari wa wanawake anazieleza. Hata Chuck Norris amehusika: aliwahi kuonekana kwenye matangazo ya suruali za jinzi zenye kipande kilichofichwa msambani, ili mvaaji aweze kupiga teke la juu bila kuzipasua. Mfumaji wa Yanghai angelielewa tangazo lile bila mkalimani.

Kwenye mifuko kazi yake ni nyingine, nayo ni kukaa bapa tupu na kufunguka ikijazwa. Mfuko wa karatasi wa mwanzo ulikuwa bahasha tu, haukuweza kusimama. Margaret Knight, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko Marekani, alibuni mashine ya kutengeneza mfuko wenye kitako bapa. Mwanamume aliyeiona mashine yake ikitengenezwa akawahi kuomba hataza kwa jina lake, na kumbukumbu zinasema alijitetea kwamba mwanamke hawezi kuielewa mashine kama ile. Knight alikwenda na michoro na madaftari yake, akashinda, hataza ikatoka mwaka 1871. Mwaka 1883 Charles Stilwell akapata hataza ya mashine iliyokunja na ubavu pia, kwa ndani, mkunjo ule unaouona kwenye pakiti ya unga ya kilo 2. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, mkunjo huo wa Stilwell ulirudi pia madukani.

Sasa chuma cha ujenzi. Mtazame fundi wa kuchomelea mageti pembeni mwa barabara, Dar es Salaam au Nairobi. Akishaunganisha mirija minne ikawa mstatili, anachukua kipande cha bati nene, anakikata pembetatu, anakichomelea kwenye kona. Mstatili peke yake unaweza kulala upande ukawa msambamba; kona nne haziwezi kuuzuia. Pembetatu haiwezi kulala mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Fundi wa kenchi naye hupigilia ubao mfupi pande mbili za kiungo ili mbao zinazokutana zisichomoke. Mwaka 1955 Mmarekani J. Calvin Jureit, wa Florida, alibuni bamba jembamba lenye meno yaliyopigwa toka kwenye bamba lenyewe, linaloshindiliwa kwenye mbao kwa mashine bila msumari. Kenchi zinazotengenezwa kiwandani duniani leo, nyingi zinashikwa na wajukuu wa bamba lile.

Kwenye madaraja hadithi ni ndefu zaidi. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 wahandisi wa Marekani walipenda kuunganisha fulito za daraja kwa pini moja nene iliyopita kwenye matundu, kwa sababu daraja la namna hiyo husimamishwa haraka. Kasoro yake ni kwamba pini inacheza, na inayocheza inalika. Ulaya walipendelea bamba pana penye kila kiungo, fulito zote zikaunganishwa nalo kwa ribiti. Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889, una vipande 18,038 na ribiti milioni 2.5, na ukisimama chini yake ukatazama juu utaona mabamba kila mahali fulito zinapokutana. Zilipopatikana mashine za hewa za kupigia ribiti zinazobebeka, Marekani nayo ikahamia kwenye bamba. Kampuni ya American Bridge ilishinda zabuni ya madaraja 27 ya chuma ya Reli ya Uganda, kwenye mabonde ya Mau, yakaja kwa meli vipande vipande na kusimamishwa hapa kwetu mwanzoni kabisa mwa karne ya 20.

Lakini bamba la kiungo lilihesabiwaje? Kwa muda mrefu, kwa mazoea. Fulito ilikokotolewa kwa makini: hii inavutwa kwa nguvu kiasi hiki, ile inasukumwa kwa kiasi kile. Bamba likachorwa kubwa kiasi cha kuenea ribiti zote, na unene ukachaguliwa na mtu mwenye uzoefu. Mwaka 1952 Robert Whitmore wa Chuo Kikuu cha Tennessee alifanya majaribio kuona nguvu inavyotawanyika ndani ya bamba. Akapendekeza njia ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo: anzia kwenye safu ya kwanza ya bolti, chora mistari miwili inayotanuka kwa nyuzi 30 kila upande mpaka safu ya mwisho, kisha upime upana uliopatikana hapo. Upana huo, ukizidishwa kwa unene, ndio chuma kinachofanya kazi. Kilicho nje yake hakihesabiwi. Ni hesabu inayotosha nyuma ya bahasha.

Daraja la barabara kuu ya I-35W, lililovuka mto Mississippi mjini Minneapolis, lilifunguliwa mwaka 1967. Kwenye baadhi ya viungo vyake vikubwa mabamba yalichorwa kwa unene wa nusu inchi, milimita 13 hivi, ilhali yalihitaji kama mara mbili ya hapo. Wachunguzi wa baadaye walizikuta hesabu za fulito kwenye makabrasha ya usanifu. Za mabamba yale hawakuzikuta. Mkaguzi wa michoro hakuliona kosa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na desturi ya kukagua bamba. Likasimama miaka 40. Katikati ya miaka hiyo liliongezewa tabaka la zege juu, na kuta za pembeni nzito zaidi. Uwezo wake ulipigiwa hesabu upya mara kadhaa, na kila mara hesabu zilihusu fulito, kwa dhana kwamba bamba siku zote lina nguvu kuliko linachokiunganisha. Mwaka 2003 daraja lilipigwa picha. Mabamba ya kiungo kilichopewa namba U10 yanaonekana humo yamepinda. Wakaguzi walikuwa wanatafuta kutu na nyufa.

Tarehe 1 Agosti 2007, matengenezo ya barabara yalikuwa yanaendelea na nusu ya njia zilikuwa zimefungwa. Mkandarasi alikuwa amerundika mchanga na kokoto na kuegesha mitambo kwenye sehemu ya kati ya daraja, karibu na kiungo kile kile. Saa 12:05 jioni, magari yakiwa yanatoka kazini, mabamba ya U10 yaliachia, na sehemu ya katikati ikaenda mtoni. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, iliyotoka Novemba 2008, iliutaja unene wa mabamba kuwa ndio chanzo. Si kutu, si uzee wa chuma, si ulegevu wa waliochomelea. Ni tarakimu moja iliyoandikwa kwenye mchoro miaka ya 1960, kuhusu kipande ambacho hakuna aliyeona haja ya kukihesabu mara ya pili.

Baada ya hapo serikali ya Marekani ilitoa mwongozo unaotaka mabamba ya viungo yaingizwe katika hesabu ya uwezo wa daraja, na mistari ya nyuzi 30 ya Whitmore imo ndani yake. Wakaguzi wakaanza kupima unene wa mabamba kwa vifaa vya mawimbi ya sauti na kuyawekea rula kuona kama yamenyooka. Daraja jipya lilifunguliwa mahali pale Septemba 2008. Ni la zege, limejengwa kwa maboksi marefu yenye nyaya za chuma ndani, na halina bamba la kiungo hata moja, kwa hiyo mwongozo ule hauligusi. Unayagusa madaraja mengine ya fulito za chuma ambayo bado yanapitisha magari kila siku, yaliyochorwa na wahandisi waliokwisha kustaafu au kufariki, kwa hesabu ambazo si zote zilizohifadhiwa.